Don Refugio Anatafuta Programu

Jumanne, 16 Septemba

Wametuua! Asubuhi nafungua barua pepe, kahawa mkononi, nakuta kampuni ya programu yetu ya kodi inaaga. Msimu ujao haitengenezi tena. Wanatushukuru kwa uaminifu wetu wa miaka mingi, na chini wametia kipicha cha ua. Ua!

Nimemsomea Otilia. Hakushtuka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akasema basi, naye amekwisha. Programu hii ndiyo ya mwisho aliyoapa kujifunza. Ikifa, anakwenda San Antonio kwa binti yake Yadira, chumba kinamsubiri tangu mwaka juzi.

"Acha utani, mama wee."

"Mimi natania lini mwezi wa Septemba?"

Kweli, Septemba hatanii. Hutania Februari, ofisi ikifurika hadi watu wanakalia ndoo.

Otilia ndiye aliyemshika mwanangu Beto siku ya ubatizo, kwa hiyo ni komadre wangu, na komadre ni zaidi ya ndugu. Ofisi hii tuliifungua wawili. Yeye meza ya dirishani, mimi ya mlangoni, tunawajazia watu wa Weslaco, Texas, ritani zao, zile fomu za kodi za kila mwaka. Kuiendesha peke yangu naweza. Sitaki! Haya, nimeandika.

Nje wanapiga honi na kupepea bendera, sikukuu ya uhuru wa nchi ya ng'ambo ya mto, walikotoka wazee wetu. Mimi nimekula tamale tatu za hasira, unga wa mahindi na nyama, majani nikayatupa.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepata programu mbili za kujaribu bure. Punguzo ni hadi mwisho wa Oktoba. Majina yao yote mawili yanafanana na dawa za kikohozi, kwa hiyo tunaziita kwa rangi — Bluu na Kijani. Otilia kakubali kusaidia kuchagua. "Nikuachie nyumba imefagiliwa," anasema. Nyumba imefagiliwa! Nilitaka kumrushia stepla.

Na mteja wa kuzijaribia ni nani? Don Refugio Cantú Villalobos, nani mwingine!

Nacheka nikikumbuka tulivyomzaa. Mwaka wa kwanza tulitaka mteja wa uongo wa kujaribia mashine kabla ya kumgusa mteja wa kweli. Otilia akampa jina, mimi nikampa mke, Chelo. Tangu hapo, kila Januari siku ya Wafalme, wale Mamajusi watatu, tunakata ule mkate wa duara wenye kidoli ndani, na atakayekutana na kidoli kwenye kipande chake ndiye anayeamua yaliyowapata akina Cantú mwaka huo. Kabla ya mkate hakuna kuamua chochote. Ni sheria.

Kwa hiyo leo wana watoto watano. Wana mbuzi. Wana mama mkwe asiye na namba ya kawaida ya serikali, ana ile ya kodi tu. Chelo huuza tamale kila Desemba. Na kila kiangazi wote wanapanda kwenda Michigan kuchuma cheri, kwa hiyo Texas haiwadai kodi ya jimbo lakini Michigan inawadai. Programu ikiweza kumbeba Refugio, itambeba mtu yeyote wa bonde hili.

Jumatatu, 22 Septemba

Siku ya Bluu. Jamani, mbavu sina!

Bluu haikuachi ujaze fomu unavyojua. Inahoji. Swali, jibu, endelea. Swali, jibu, endelea. La kwanza jina, la pili kuzaliwa, la tatu — kuna aliyefariki?

Otilia akaisukuma kibodi. "Mtu hajakaa vizuri, hata kahawa hujampa, unamuuliza kafiwa na nani! Hawa polisi au watu wa kodi?"

Ni kweli. Kwetu mteja hukaa akasema ya kwake kwanza. Mvua, goti, mkwe. Ndani ya goti mna bili za hospitali, ndani ya mkwe mna mjukuu wa kuongeza kwenye ritani. Wewe unachapa popote panapoangukia. Otilia ni bingwa wa hilo. Watu hutoka mezani kwake wamejaziwa kila kitu na hawakumbuki kuulizwa neno.

Basi, akaibofyabofya Bluu kwa hasira, na ghafla juu ya jina la Refugio pakaandikwa MAREHEMU. Akarudi nyuma. Marehemu. Akazima, akawasha. Marehemu vilevile!

"Nimemuua! Nohemí, nimemuua Refugio!"

Tulicheka hadi mwenye duka la matairi akaja kuchungulia. Otilia alikwenda kununua mkate kwa Queta na machozi bado yanamtiririka.

Sijamsikia akicheka hivyo tangu ile barua pepe. Nikafikiri, hataondoka. Halafu jioni nikamwona anaifunga picha ya marehemu mumewe kwenye taulo, ile inayokaa mezani siku zote. Ati isishike vumbi.

Jumapili, 28 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Misa ya saa tatu. Tumekaa benchi la tatu, kama kawaida yetu. Padre Anselmo anasoma majina ya wa kuombewa. Akasoma, kwa sauti ile ya chini: na kwa ajili ya roho ya Don Refugio Cantú, mchumaji cheri, mume wa Chelo na baba wa watoto watano.

Otilia kanishika mkono, kucha zote zimeingia.

Ni Queta wa mkate! Jumatatu alimwona Otilia na machozi, akamuuliza kulikoni, na Otilia, kwa utani wake, akamjibu kwamba Don Refugio, mchumaji cheri, katutoka ghafla, kaacha watoto watano, na Chelo hata hajui. Akachukua mikate yake akaondoka. Queta naye ana moyo wa dhahabu na mdomo wa tarumbeta.

Watu waliitikia "Utuhurumie" na sisi tumeinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Mama wa nyuma yetu akatupa leso. Maskini, alidhani tunalia.

Jumatatu, 29 Septemba

Maharage sufuria mbili. Wali. Kuku wa mole, ule mchuzi mweusi wa pilipili na kakao. Keki ya maziwa. Shada la maua lililoandikwa "Pumzika, Refugio". Vyote vimeletwa ofisini maana hakuna anayejua Chelo anakaa wapi.

Mzee Eleuterio kaja na kofia kifuani. Anasema alimfahamu. Walichuma pamoja, Traverse City kule Michigan, mtu mwema, alikuwa na kikohozi.

Otilia akanivuta stoo. "Tukisema hajawahi kuwapo, kanisa zima limemwombea kivuli. Tukinyamaza, kesho wanachanga za mazishi."

"Mdomo wako, mama! Utatufungisha ofisi!"

"Wangu? Nani alimpa mke? Bila Chelo hakuna wa kumsikitikia!"

Tukabishana tumezibana pua tusicheke. Mwisho tukaenda kwa Padre pamoja, yeye kabeba keki. Padre Anselmo alisikiliza, akatuuliza kama huyo mama mkwe mwenye namba ya kodi tu anaweza kuhesabiwa kwenye ritani. Otilia akamweleza. Ndipo akacheka mpaka akakaa chini. Anasema Jumapili atatangaza, na chakula tuwapelekee wachuma machungwa walioingia juzi. Tumepeleka. Keki ilibaki kwa Padre.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mji mzima unajua sasa, na hakuna aliyekasirika ila Mzee Eleuterio, anayeshikilia kwamba alichuma naye. Wateja wanapita tu kuuliza hali ya Refugio. Jamaa wa matairi katuambia tumchagulie programu yenye heshima, marehemu si mtu wa kuchezewa.

Bluu nje! Leo Kijani.

Anayeuza Kijani ni Darlene, yuko Nebraska, mama mtu mzima mwenye sauti ya mkwaruzo. Alituambia tumpe mteja wetu mgumu kuliko wote, atamwingiza yeye mwenyewe huku tunatazama. Kijani inakuonyesha fomu, unajaza unapotaka. Herufi zinakuzwa hadi ukubwa wa maandazi. Michigan ilikubali. Majina yote mawili ya ukoo yaliingia bila kukatwa mkia.

Alipofika kwa mama mkwe Darlene akasimama. Hakuuliza namba. Aliuliza, "Bibi anaishi nao mwaka mzima, au naye hupanda kwenda kwenye cheri? Magoti yake yanaruhusu?"

Otilia akanitazama. Akavuta kiti karibu na simu. Wakaongea magoti muda mrefu, na kati ya magoti Darlene akawa anachapa, na walipomaliza ritani ilikuwa imejaa. Otilia alivua miwani akaifuta.

"Unaonaje?" nikamuuliza baadaye.

"Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mbachao umeoza, komadre! Kampuni imefungwa!"

"Ndiyo maana naenda San Antonio."

Kisha Darlene akaniuliza bei aiandike ya mtumiaji mmoja au wawili. Nikasema nitampigia. Angekuwa hapa mezani kwetu, angenipa kahawa kwanza kabla ya kuuliza.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo siku ya mwisho ya walioongezewa muda wa kupeleka ritani. Hatukukaa. Jamaa mmoja kaleta risiti zake ndani ya boksi la pampasi. Otilia alimpokea kama bwana harusi. Ritani zote zimekwenda. Tumekula mkate mkavu, tumefurahi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Yadira kaja na gari kubwa na maboksi matupu. Binti mzuri, mwenye adabu, namchukia leo tu.

Alinisaidia kuosha vyombo. Anasema, shangazi, mama anahitaji kupumzika, kule hatafanya chochote. Nikamjibu kwamba mama yako akikosa kazi atawafanya ninyi kuwa kazi yake. Akacheka, lakini maboksi akayaacha sebuleni kwa Otilia.

Nilitaka kumwambia Otilia baki. Ni neno moja tu! Badala yake nikamwambia taulo ile ya picha inahitaji kufuliwa. Nina miaka sitini na mbili na ulimi wangu ni kuni.

Usiku huu nimeona afadhali nilie kidogo. Nimelia. Sasa naona njaa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Naandika hapahapa mezani, maana tuko kwenye muziki wa kusubiri. Filimbi. Kumbe nina raha ya ajabu.

Nilimpigia Darlene kumwambia tunachukua Kijani. Akafurahi, akauliza lile swali. Mmoja au wawili? Nikafunika simu, nikamgeukia Otilia. Hayuko dirishani. Yuko nyuma yangu, kwenye kompyuta ya majaribio, herufi zimekuzwa kama maandazi, anazunguka ndani ya ukoo wa Cantú. Nikasema. Sijui nilipata wapi ulimi. Nikasema, "Baki, komadre. Bila wewe sitaki."

Hakugeuka. Akasema, "Muulize huyo mama. Lety akizaa mapacha, na anaishi kwa baba yake, Kijani itawaweka wote wawili chini ya babu?"

Mapacha! Lety ni binti wa tatu wa Refugio, na mara ya mwisho kumwona alikuwa hana hata mchumba!

"Nani kaamua mapacha?"

"Mimi."

"Oktoba? Kabla ya mkate?"

"Kidoli nitakipata mimi. Ikibidi nitaula wote peke yangu."

Nikamuuliza Darlene, sauti imenitoka kama ya kuku. Darlene akasema mapacha, hongereni, ngoja ahakikishe, akatuweka kwenye filimbi. Na Otilia sasa anakivuta kiti chake, kile cha dirishani chenye gurudumu bovu, kinalia sakafu nzima. Mbona kidogo hivi chumba chetu! Amekifikisha hapa. Kwapani ana ile taulo ya picha. Sijauliza.

Filimbi imekatika. Darlene anasema mapacha wanaingia wote, na sasa anauliza tena, kwa upole, aandike mmoja au wawili.

Otilia amenyoosha mkono. Anataka simu.