Damu ya Sikio la Mbwa

Mjukuu wangu Oska,

Marahaba. Bibi yako anaanika kahawa. Mimi sasa ni wa kulala tu. Umeuliza kama niliwahi kuviona vijidudu vya homa ya kupe kwa macho yangu. Niliviona, ingawa nimekana siku zote.

Serikali iliporuhusu maduka binafsi ya dawa za mifugo, Gaudensia, niliyesoma naye chuo cha mifugo, alifungua lake pale Litembo. Watu wakanihama mimi, bwana mifugo wa serikali. Jirani aliniletea mbwa wake, ufizi mweupe; nikasema ni minyoo. Hakuridhika, akampeleka kwa Gaudensia, nami nikafuata. Gaudensia akatoboa sikio, akapaka damu kwenye kioo.

"Njoo uchungulie, Bwana Mifugo, hadubini haing'ati!"

Vijidudu vilikuwemo, viwili viwili ndani ya chembe za damu. Nikasema, "Sioni kitu."

Jirani alimwamini yeye. Mbwa akadungwa sindano, akapona, na kila tulipokutana alinitikisia mkia. Wivu wangu ulifika hapo, Oska: kumchukia mbwa kwa kupona.

Babu yako