Kijana Aliyemwinua Wafula

Jumatatu, 4 Machi 1985
Mazoezi ya mieleka kama kawaida. Maranda mapya kutoka kiwanda cha mbao, turubai juu yake. Nusu saa ya kuanguka tu: kidevu kifuani, mkono upige chini kabla ya mgongo. Wanafunzi wananuna. Wanataka kurushana. Kwangu mtu harushi mtu kabla hajajua kuanguka.

Halafu mkuu wa shule akaleta mwanafunzi mpya wa Form Five. Mrefu, mabega mapana. Nilimjua kabla hajataja jina. Kibet. Ndiye aliyemwinua mwanafunzi wangu Wafula kwenye mashindano ya mwaka jana. Wafula alitua kwa kichwa. Hakuamka tena.

Mkuu anasema tumepata bingwa. Chakula cha jioni kimenishinda.

Jumatano, 6 Machi
Namchukia. Nimeandika, basi. Refa alisema ni ajali. Mimi pia nilisema ni ajali, mbele ya polisi, na ni kweli. Bado namchukia.

Ule mlio wa shingo ya Wafula umerudi. Leo niliusikia darasani, chaki ilipokatika mkononi mwangu. Nikasahau nilichokuwa nafundisha.

Ijumaa, 15 Machi
Ajabu. Kibet hawezi kurusha. Anaingia vizuri, kichwa juu, nyonga chini, anamfunga mwenzake kiunoni, anamwinua. Halafu anaganda. Macho wazi, jasho linatiririka. Anamrudisha chini polepole. Wenzake wanacheka.

Nilimwita kando.

"Unasikia nini ukimwinua mtu?"

Akatazama miguu yake. "Ule mlio, Mwalimu."

Nilidhani nausikia peke yangu.

Jumanne, 19 Machi
Nimeanza kumfundisha upya. Ukimwinua mtu, ni mzigo wako mpaka afike chini. Usimwachilie hewani. Piga goti kwanza, shuka naye, kiganja chako nyuma ya kichwa chake. Mbinu hii haipigiwi makofi. Ndiyo nitakayofundisha mpaka nistaafu.

Hakuna wa uzito wake aliyekubali kushikana naye. Wanaogopa. Nikavua koti, nikamwambia aniinue mimi. Miguu ilipoacha turubai, nilimwona Wafula mlangoni, akiwa na bukta yake nyekundu, akinitazama. Hakukasirika. Alitazama tu.

Kibet alishuka nami salama. Tukabaki chini tukihema. Kwa mara ya kwanza sikumchukia. Hilo limenitisha zaidi. Nahisi nimemsaliti marehemu.

Jumamosi, 30 Machi
Mashindano, ukumbi wa mjini. Wimbo wa taifa. Hotuba ndefu ya mwenyekiti wa chama, tukapiga makofi yanayotakiwa. Safu ya nyuma, Mama Wafula. Sikumwalika.

Kibet alifika fainali. Alimwinua mpinzani wake juu kabisa. Ukumbi mzima: "Mtupe! Mtupe!" Akaganda. Mimi pia. Niliusikia ule mlio, naapa niliusikia. Halafu goti lake likagusa turubai, akashuka naye, kiganja kikiwa nyuma ya kichwa. Mabega yote mawili chini. Filimbi.

Ameshinda, na hakuinuka. Alimshika yule kijana uso: "Uko sawa? Sema uko sawa." Ilibidi nimtoe mwenyewe.

Nilipogeuka, Mama Wafula alikuwa ameondoka.

Jumapili, 31 Machi
Baada ya kanisa Kibet alikuwa akinisubiri nje. "Nipeleke kwa Mama Wafula, Mwalimu." Tulitembea mpaka mtaa wa West Indies, anakoishi. Mvua ya kwanza ikatukuta njiani.

Mama Wafula alifungua mlango, akamtazama Kibet. "Ingieni, mnalowa." Akamimina chai.

Hakuuliza ilivyotokea. Aliuliza, "Mlikuwa mmeshikana kichwa kwa kichwa. Mtoto wangu alikuambia kitu?"

Kibet alikohoa kidogo. "Aliniambia, 'Wewe, leo umekula nini?' Alikuwa anacheka, Mama."

Mama akacheka. Akajifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, na sikujua tena kama ni kicheko.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa."

Akamwongezea Kibet chai. Tulikaa hapo tukinywa chai mpaka mvua ikapungua.