Bakuli Lenye Jina Langu

Dada Kaltumu, nakusikiliza redioni kila Jumatano nikiwa nanyonyesha, na leo ni zamu yangu kukuandikia, naomba unisaidie kabla ya Jumapili kwa sababu siku hiyo jirani yangu anatoka hospitali na mimi sijui nitamtazama na macho gani.

Nina mtoto mmoja, Igihozo, wa miezi minane. Tunakaa hapa Gisenyi, nyumba yetu imegusana ukuta na ya bibi Verediane, anayeishi peke yake na mbwa. Alianza kuwaokota ule mwaka wa volkano, watu wa Goma walipovuka mpaka na mbwa wao kisha wakarudi bila wao, na tangu hapo kila jirani akihama bibi anaokota mbwa mwingine, anampa jina la huyo aliyehama. Huku kwetu kumwita mbwa kwa jina la mutu ni tusi, basi watu wakaacha kumsalimu, hata mimi nilipunguza.

Mwezi uliopita alianguka, na kabla hawajambeba alinitia ufunguo mkononi, akasema, "Mama Igihozo, we uwape tu chakula. Usiwahesabu."

Niliwahesabu. Nilifungua saa sita mchana, mtoto mgongoni, na hakuna hata mmoja aliyebweka. Walikuwa kumi na tisa ndani ya vyumba viwili, mifupa na ukurutu, kila mmoja amekaa nyuma ya bakuli lake kama watu kanisani, na kila bakuli limeandikwa jina kwa rangi ya kucha, na wote walinitazama, si usoni, bali mgongoni, pale mtoto alipo. Nilimwita Sebahire, daktari wa mifugo, akasimama mlangoni ameziba pua, akasema, "Bon, hapa mutu hawezi kukaa, na mbwa pia hawezi." Tukawatibu, tukawachanja, tukawagawa kwa wavuvi wa Nyamyumba na wakulima wa viazi wa Busasamana. Mkulima mmoja alinipigia simu: "Mama, huyu mbwa hali mpaka nimuite Twagirimana, na Twagirimana ni baba mukwe wangu, na yuko hapa anasikia." Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka.

Kwa sababu amebaki mmoja, jike, Gatesi, hataki kutoka. Amelala akilitazama bakuli la ishirini, jipya, halijawahi kutiwa kitu, na limeandikwa Mama Igihozo. Dada, ni kweli tunahama, Ricky mume wangu amepata kazi Nyamyumba, lakini aliipata wiki jana, bibi akiwa hospitali tayari. Ricky anasema tuondoke Jumamosi, ufunguo tuuache dirishani. Naogopa kumwambia bibi mbwa wake wamekwenda, na kuondoka kimya naogopa zaidi. Nifanye nini?

Mama Igihozo, Gisenyi

*

Mama Igihozo, kaa chini kwanza, mpe mtoto titi, unisikilize.

Umewaokoa wale mbwa, na kwa hilo sikulaumu. Wangekufa mmoja mmoja humo ndani, naye angekufa pamoja nao. Lakini umegawa familia ya mtu akiwa kitandani, wala hukumuuliza, na hospitali iko mji huo huo. Hukwenda kwa sababu uliogopa. Sawa, sasa utakwenda ukiwa unaogopa hivyo hivyo.

Unataka kujua bibi alijuaje kwamba mtahama. Mimi si mganga, nimesoma tu barua yako: "hata mimi nilipunguza." Bibi huyu ameona hayo mara nyingi mno. Salamu zinapungua, kisha linakuja gari la mizigo, kisha nyumba tupu. Alipoona zako zimepungua akaandika. Mliita tusi, na mwenzenu alikuwa anawakumbuka.

Ufunguo dirishani hapana, mwambie Ricky nimekataa mimi. Kesho nenda hospitali na mtoto. Usimngoje bibi mlangoni kwake akute kimya. Mpelekee karatasi yenye jina la kila mbwa, aliko na anayemlisha, umsomee polepole. Akilia, kaa. Akikutukana, kaa pia. Mpigie yule mkulima mbele yake, asikie kwamba Twagirimana anakula. Gatesi abaki naye, huyo mmoja tu, na Sebahire amfunge kizazi, awe anapita kila mwezi kuangalia kama hajaongezeka mwingine.

Kisha mwambie kwa mdomo wako kwamba unahama, unakwenda wapi, na Jumamosi gani utarudi kumsalimu. Usitaje siku usiyoiweza.

Bakuli lile usilioshe, usilivunje, wala usilifiche. Liache pale alipoliweka. Na Jumamosi hiyo ukifika, kabla hujakaa, litazame. Ukikuta bado halina mbwa, umefika kwa wakati.