Sauti ya Nyumbani ya Girdhari Saxena

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu asubuhi ile ulipotoka kuoga, ukaketi kwenye kiti chako cha roshani kungoja chai ya tangawizi, na chai ikapoa bila kuguswa. Mama alidhani umepitiwa na usingizi. Alikufunika shali magotini, akarudi jikoni kuzima jiko, na aliporejea ndipo alipojua.

Magazeti yaliandika kwamba adui mkubwa wa filamu za Kihindi ameaga dunia. Mama alisomewa habari hiyo na mwanao Nirmal, akasema, "Adui wa nani? Mtu aliyekuwa akiogopa mende!"

Ulitoka Bareilly ukiwa kijana, na sanduku la bati, ukitaka kuwa steringi. Mwongozaji wa kwanza uliyemwendea Bombay alikutazama usoni kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nyusi hizi haziwezi kumposa binti wa mtu. Hizi ni za kumteka." Kesho yake ulipewa mwenge, ukachoma kijiji kizima. Jioni ulilala na njaa, kwa sababu uliona haya kuuliza chakula cha wasanii kinagawiwa wapi. Tangu siku hiyo hukukosa kazi. Umeteka mabibi harusi, umeghushi wosia, umewasukuma wazee kwenye ngazi, na kila Ijumaa filamu mpya ilipotoka watu walipanga foleni ili wakuzomee.

Ulikuwa na taratibu zako. Ukitakiwa kumpiga kofi mwigizaji mwenzako wa kike, ulimwendea kwanza, ukaunganisha viganja, ukamwomba radhi mbele ya watu wote. Kofi lenyewe lilipita hewani, lakini baadaye ulimpelekea mapera yenye chumvi na pilipili, ukasimama pale mpaka acheke. Mngurumo wako ulikuwa ukiufanyia mazoezi bafuni. Majirani walishauzoea. Mlinzi mpya wa jengo hakuwa ameambiwa, akapanda ngazi mbio na rungu mkononi kuja kumwokoa Mama, akakukuta umejifunga taulo, na povu la sabuni masikioni. Ulimkaribisha chai.

Hatujasahau siku ya bamia, pale sokoni Dadar. Yule muuza mboga alikunyang'anya bamia ulizokuwa umechagua.

"Sikuuzii," alisema.

"Kwa nini, dada?"

"Yule mama mzee uliyemtupa kisimani alikukosea nini?"

"Mwongozaji ndiye aliyeniambia nimtupe."

"Na akikwambia unitupe mimi?"

Watu walikuwa wamekwisha kusanyika. Uliweka kikapu chini, ukaunganisha viganja, ukasema, "Nisamehe. Sitarudia tena."

"Mama yako yu hai?"

"Yupo Bareilly."

"Mtunze, basi. Na uwe unakula mboga, huenda roho itapoa." Akakupimia bamia, akakuongezea na pilipili za bure. Filamu iliyofuata ulimfungia mama mwingine darini. Toka hapo bamia za nyumba hii zilinunuliwa na Mama peke yake.

Mama hakuwahi kutazama hata filamu yako moja hadi mwisho. Alikusindikiza ukumbini, akakaa kwa adabu, na ulipoanza kunguruma tu alitoka nje kununua karanga. "Yule simjui," alikuwa akisema. "Mimi niliolewa na mtu mwingine." Nawe ulimwahidi kwamba siku moja utamletea filamu ambayo hatainuka kitini. Uliitafuta kwa miaka mingi. Watayarishaji walikusikiliza, wakacheka, wakakupa bunduki.

Ndipo akaja mtayarishaji Lalwani na hadithi ya mkuu wa kituo kidogo cha reli, mzee mpole asiye na kisasi na mtu. Siku nazi ilipovunjwa mbele ya kamera kufungua kazi, uliagiza Mama aketi mstari wa mbele. Hukufanya mazoezi bafuni safari hii. Ulimwambia Nirmal, "Huyu mzee ataongea kama ninavyoongea na mama yenu." Mlimaliza kupiga picha kule pwani ya Konkan kabla ya mvua. Ilibaki sauti tu. Katika kazi yenu maneno ya uwanjani hutupwa, kwa sababu yamejaa upepo na kelele za watu. Mwigizaji hurudi baadaye chumbani, akajitazama kwenye skrini na kuyasema upya. Zamu yako ilikuwa wiki inayofuata. Hukuifikia.

Siku za matanga zilipokwisha, Lalwani alikuja nyumbani na sanduku la peremende, akaketi ukingoni mwa kochi.

"Shemeji, nimepata kijana. Anaitwa Pinku Sarode. Anamwiga kaka kwenye majukwaa mwaka wa kumi na tano sasa. Ukifumba macho utaapa ni yeye."

"Nani amesema nataka kufumba macho?" Mama alimuuliza.

"Filamu haiwezi kutoka bila sauti, shemeji."

"Na sauti yake ya pale kituoni?"

"Ile? Ile ina kunguru, ina jenereta, ina mtu anapiga chafya. Hakuna anayetoa filamu hivyo."

Mama alimkubalia jambo moja tu, kwamba atakwenda kumsikiliza huyo kijana.

Tulikwenda naye hadi studio ya sauti. Pinku alikuwa mwembamba, shati limempwaya, na alimgusa Mama miguu kwa heshima kabla hajamtazama usoni. "Mama, mimi nimejenga nyumba kwa sauti ya mzee," alisema. "Ukinifukuza nitaelewa." Mama akamwambia aanze kazi, akikosea ndipo atakapofukuzwa.

Akanguruma. Baba, kioo cha chumba kilitetemeka! Ulikuwa ni wewe kabisa, wewe wa kwenye mabango, na zile pumzi mbili kabla ya tishio. Mama aliziba mdomo kwa upindo wa sari, mabega yakaanza kumcheza, tukadhani analia. Alikuwa anacheka. Hakuwa amecheka tangu ulipoondoka.

Kisha fundi wa sauti akawasha picha. Kwenye skrini ulikuwa unampa maji msafiri aliyeachwa na treni, mwanafunzi mmoja mwenye begi. Midomo yako ilikwenda taratibu, na juu yake ikaja sauti ya Pinku, nzito, yenye kiza: "Kunywa, mwanangu. Treni nyingine ipo."

Mama akaacha kucheka. "Maji hayo mimi nisingeyanywa," alisema.

Lalwani alijikuna shingo. "Ndiyo sauti wanayoilipia, shemeji. Wasambazaji wamenipa neno moja: mngurumo uwepo."

"Niwekee ya kituoni, Kaka Lalwani. Mara moja tu. Halafu nitakuachia."

Fundi alimtazama tajiri wake, tajiri akainua mkono kwa kuchoka. Ikawekwa. Kunguru walikuwepo kweli, na jenereta, na ile chafya. Katikati yao ulikuwepo wewe, na sauti yako iliyoparara kidogo, ile ya kuulizia miwani, ile ya kumbembeleza mjukuu wako Ila anywe dawa: "Kunywa, mwanangu. Treni nyingine ipo."

Pinku alivua vipokea sauti vya masikioni, akaviweka mezani polepole.

"Tajiri, hii siiwezi," alimwambia Lalwani.

"Huiwezi nini? Sauti si ileile!"

"Yule wa mabango nimemsikiliza tangu utotoni. Huyu sijawahi kumsikia. Nitamwigaje mtu nisiyemjua?"

"Jifunze! Nakupa wiki."

"Nikijifunza, watu watamsikia Pinku anayejaribu kuwa mpole." Akamgeukia Mama. "Alikuwa hivi nyumbani?"

"Kila siku," Mama alisema. "Isipokuwa akipoteza miwani."

Lalwani alianza kutembea huku na huku katika kile chumba kidogo. "Shemeji, watu watanunua tiketi wasikilize kunguru?"

"Kwani vituo vya reli siku hizi havina kunguru?"

"Na pale treni inapopita na kuyameza maneno yake? Tufanyeje?"

"Ikiyameza imeyameza. Sisi tunaishi kando ya reli, Goregaon. Nusu ya maneno yake kwa miaka yote hii yamekwenda na treni, na bado tumeelewana."

Fundi alicheka, akajifanya anakohoa. Lalwani hakucheka. Alisema atawaonyesha wasambazaji filamu hivyo ilivyo, na wakiikataa itafungiwa kabatini, na asilaumiwe.

Njiani kurudi, ndani ya teksi, Nirmal hakuweza kujizuia. "Mama, wakiikataa je? Hakuna atakayemwona tena. Sauti ya kuiga si afadhali kuliko kimya?"

Mama alimgeukia tukiwa juu ya daraja la Andheri. "Maisha yake yote baba yako amekuwa mbaya ili sisi tule," alisema. "Mtu mwema aliyeigiza ni huyu mmoja. Simpi mtu mwingine amsemee."

Lakini tulimwona siku zilizofuata, Baba. Alichambua dengu zilizokwisha kuchambuliwa. Simu ikilia alikuwa wa kwanza kusimama na wa mwisho kuipokea. Alimwuliza Ila, kama mtu anayeulizia bei ya vitunguu, filamu ikifungiwa kabatini huharibika baada ya muda gani. Mjukuu wako akamkumbatia.

Lalwani alipiga simu jioni, wakati wa kuwasha taa ya maombi. Mama alibonyeza ili sote tusikie.

"Wawili wamejitoa, shemeji. Wamesema nimerukwa na akili."

"Na wengine?"

"Watatu wamebaki. Yule wa Indore alitaka irudishwe nyuma aisikie tena ile sehemu ya maji." Tukasikia akipekua karatasi. "Itatoka katika majumba machache tu. Sijui itakaa siku ngapi. Utakuja kuivisha picha yake maua?"

"Nitakuja," Mama alisema. Alikwenda kuwasha taa, na kiberiti kikamkatalia mara kadhaa.

Jumba lilikuwa lile la zamani kule Parel, lenye viti vya mbao na feni zinazolalamika. Mama alikuvisha maua ya marigoldi pale mlangoni, akatengeneza moja lililopinda. Ndani, nyuma kabisa, walikaa mashabiki wako wa siku zote, wale wa miluzi. Ulipotokea na kofia yako ya mkuu wa kituo walisimama juu ya viti.

"Nguruma, Girdhari!"

"Mzee, mtupe mtu kisimani!"

Ukampa mwanafunzi maji. Ukamwambia treni nyingine ipo. Mmoja nyuma akapiga mluzi, haukufika mwisho. Mwingine akasema, "We, nyamaza, tumsikie." Kunguru wakalia, na hakuna aliyelalamika. Nirmal alikuwa akimtazama Mama zaidi ya skrini, kwa mazoea, akingoja ainuke kwenda kununua karanga. Mama alikaa. Mikono yake ilikuwa mapajani, shingo ameinyoosha mbele kidogo, kama anayesikiliza mlango.

Ikafika ile sehemu ya mwisho. Unazima taa ya kituo, unafunga dirisha la tiketi, na unamwita mke wako aliye nyumbani, ng'ambo ya reli. Hukumwita kwa jina. Ulimwita kama ulivyokuwa ukimwita Mama tangu mlipooana, kwa adabu za kwenu Bareilly, ambako mume hamtaji mkewe kwa jina.

"Unasikia? Treni ya mwisho imepita. Nakuja."

Ukumbi wote ulikuwa kimya. Na katika kimya kile, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kujua kwamba amesema, Mama akajibu, "Nasikia."

Watu wa mstari wa mbele waligeuka. Hawakucheka. Mpaka taa zilipowashwa hakuna aliyeinuka, na wa kwanza kuinuka hakuwa Mama.

Filamu ingali inaonyeshwa Parel na Indore, Baba, na wiki hii imeongezwa Bareilly. Leo nyumbani tunapika mikate ya puri, mchuzi wa boga na wali wa maziwa kwa ajili yako, na kila aliyekupenda au kukuzomea anakaribishwa. Pinku ameambiwa na Mama aje na njaa.

Hutatutoka moyoni, wala masikioni, siku zote tutakazoishi. Ni sisi: mkeo Kusum, mwanao Nirmal na mkewe Shubha, mjukuu wako Ila, mdogo wako Kailash na jamaa wote wa Bareilly.