Kabula Hakurogwa

Kaka Masanja,

Shikamoo. Uko salama huko mashimoni Geita? Umepata habari za wifi na mwanetu Kabula? Kile kidonda chake cha puani kimekauka? Mimi mzima, ila sijazoea baridi ya Uingereza.

Barua yako imetumia wiki tatu njiani. Unasema mganga amepasua kuku akamwona Bibi kuwa ndiye aliyemroga Kabula, na kwamba ukirudi nyumbani ukoo utakaa kikao. Nimepiga simu kwa yule Mhindi mwenye duka Ngokolo, laini haishiki. Basi naituma hii machimboni, ikukute kabla hujaondoka. Kaka, naogopa: vikongwe wangapi wamekatwa mapanga baada ya kikao kama hicho?

Unajua kazi yangu ya maabara. Ndani ya mwili kuna uzi pacha unaobeba urithi wetu, unaitwa DNA. Jua kali huutia doa. Kwako na kwangu, nyuzi hizo mbili huachana penye doa, ikatokea panda, kama zile panda za manati zilizokutorosha shule. Hapo huja kimeng'enya, mkataji mdogo mno. Hasomi kilichoandikwa kwenye uzi. Huitambua panda kwa umbo lake, akakata pale pale nyuzi zinapoachana. Mwenzake hukata upande wa pili wa doa. Kipande kibovu kinatoka, kipya kinafumwa.

Jumanne nilitia mkataji mzima kwenye kichupa, uzi ukakatika. Nikatia aliyetoka kwa mgonjwa mmoja wa huku. Haukukatika. Mgonjwa huyo ana madoa usoni kama ufuta, na macho hayavumilii mwanga. Nilitoa picha ya Kabula pochini, madoa yale yale, nikakaa sakafuni nikalia.

Mwalimu wangu aliitazama akasema, "Huyu mtoto mtoeni juani leo." Hawezi kuapa bila kumpima, nami siwezi. Mpelekeni hospitali kubwa Mwanza. Mvisheni mikono mirefu na kofia pana, mchana acheze ndani.

Ndiyo, Bibi alikuwa akimwotesha jua kila asubuhi, kama alivyotuotesha sisi. Najua utalishika neno hilo. Lakini hakujua, nawe hukujua. Na macho mekundu ya Bibi, yale wanayosema ni ya mchawi, ni moshi wa mavi ya ng'ombe aliyotupikia tangu Mama afariki. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukiyazoa, umesahau?

Ugonjwa huu mtoto huurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, nao wenyewe wakiwa wazima kabisa. Usije ukamtupia wifi lawama peke yake. Hata mimi, niliyelala nawe tumbo moja, huenda naubeba bila kuugua.

Msalimie wifi, na mjomba anayetuchungia ng'ombe. Bibi mpe shikamoo yangu kwa mdomo wako mwenyewe, usitume mtu.

Na kama kikao lazima kimtaje aliyempa Kabula ugonjwa, simama utaje jina lako, kisha la Mama Kabula, kisha langu. Halafu uwaulize ni nani bado ameshika panga.

Mdogo wako,
Minza