Siku Nilipomwokoa Danson

Kijiji cha Hewani,
S.L.P. 31,
Garsen.

9 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Sarah,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta Kitale ukiwa mzima, na magoti yako yameshapatana na baridi ya huko. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula, na kile kikohozi kilimwacha tangu Septemba. Mjomba Nicholas hajambo? Na mjukuu wako nimesikia ameanza kusema. Akianza na Kibukusu kabla ya Kipokomo tutakulaumu wewe.

Mto umejaa ila haujatoka. Viboko wameutembelea mpunga wetu mara mbili na kuacha njia pana katikati ya shamba. Ndizi zipo za kutosha, hata za kuwapa majirani tusiowapenda.

Najua utashangaa kuona karatasi na simu unayo. Lile group la ukoo lina masikio: mke wa Danson bado yumo, na hakuna mwenye ujasiri wa kumtoa. Halafu ile sauti uliyonitumia, ukiniuliza kama nimeshamsamehe Danson ili Desemba ukija tufanye maombi ya kupatana, nimeisikiliza mara tatu na kila mara nimeshindwa kujibu. Nakujibu hapa. Bado sijamsamehe, na sina haraka.

Ulikuwa mbali, na kwenye mazishi ya kaka Komora uliambiwa nusu tu. Acha nikupe yote.

Komora alifanya kazi miezi mitano na yule mkandarasi anayetunza minara ya taa za kuongoza vyombo baharini, upande wa Kipini. Msimamizi wao alikuwa Danson, Danson huyu huyu wa hapa kijijini, aliyezoea kuketi jikoni kwetu bila kubisha hodi. Alimchagua Komora kwa sababu tangu utotoni alimwona akipanda miti mirefu kutundika mizinga ya nyuki. Alisema mtu wa mto hafundishwi kupanda.

Lakini sheria ya kazi ilitaka cheti, yaani siku tano za mafunzo ya kupanda, kujifunga kamba, na kumshusha mwenzako akikwama juu. Danson akakusanya nakala za vitambulisho vya wanaume sita, akaenda Mombasa, akarudi na vyeti sita. Hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga darasani. Cheti chake mwenyewe cha uokoaji alikipata kwa mlango huo huo. Sisi hatukujua ubaya wake, Shangazi. Tuliona jina la Komora limepigwa chapa na kugongwa muhuri, tukachinja kuku, Mama akakitundika cheti ukutani. Danson tulimkalisha kiti kizuri na firigisi akapewa yeye.

Januari Komora aliteleza juu ya mnara. Hakuanguka. Mkanda wake wa usalama ulimshika, akabaki ananing'inia hewani, mzima, anaongea. Haya amenisimulia Jilo, aliyekuwa chini akimpandishia vifaa. Anasema Komora mwanzoni alikuwa akitania, kisha akasema miguu inakufa ganzi. Mtu akining'inia namna ile damu hujikusanya miguuni, na baada ya kama robo saa hayuko mbali na kaburi. Vifaa vya kumshushia vilikuwemo ndani ya gari, kwenye mfuko mwekundu. Danson aliufungua ule mfuko, akavitazama vilivyomo, akaufunga tena. Halafu akaondoka na gari, na mfuko ndani yake, kwenda kutafuta ngazi Kipini. Alirudi baada ya dakika hamsini.

Kwenye ripoti aliandika mambo mawili. La kwanza, kwamba Komora alikuwa na cheti halali, kwa hiyo uzembe ni wake. La pili, kwamba hakuna binadamu ambaye angeweza kumshusha chini ya saa moja. Hili la pili alikuja kumwambia Mama kwa mdomo wake, amemshika mkono. Na ushahidi wa lile la kwanza tuliupeleka sisi wenyewe. Mama alikitoa cheti ukutani, akakifunga ndani ya leso, akakipeleka kwenye kikao cha uchunguzi Garsen akidhani kitamtetea mwanawe. Walikipokea kwa shukrani, kisha wakaandika kwamba marehemu alifunzwa vizuri na alijisababishia kifo. Tangu hapo kila anayemtaja Komora hapa kijijini husema, maskini, alijisahau.

Mwenye kovu usidhani kapoa, Shangazi. Siku ile niliapa kuliosha jina lake, na kuliosha kwa mkono wa Danson mwenyewe.

Mwezi wa nane mkandarasi aliamriwa kufuta vyeti vyote vya zamani na kuwafunza watu upya. Nafasi mbili mpya zikatangazwa, nami nikaomba kwa kile cheti changu cha umeme cha chuo cha ufundi. Ulinipongeza sana, ukadhani nafuata riziki. Nilimfuata Danson, maana naye alilazimika kurudi darasani ili asipoteze usimamizi.

Tulifundishwa pale Garsen kwenye mnara wa chuma wa tangi la maji lililoachwa. Mkufunzi wetu alikuwa Halkano, mtu wa wafugaji wa upande wa Bangale, asiyecheka na asiyerudia neno. Siku ya kwanza alituambia, "Mimi hapana taka mtu hodari. Hodari nakufa haraka. Taka mtu nafuata mpango." Nilimpenda hapo hapo. Nilishika kila fundo na kila ndoano, jioni nikafanya mazoezi kwenye mwembe wa nyuma ya nyumba mpaka viganja vikachubuka. Danson alikaa siku zote nyuma, mikono kifuani, kama mtu aliyeyajua haya tangu tumboni mwa mamake.

Siku ya nne lilikuwa zoezi la uokoaji. Mtu mmoja hupanda akajining'iniza kweli kweli, mwingine humfuata akamshusha, na saa inahesabu. Halkano aliuliza nani ataning'inia. Watu wakatazama viatu vyao. Danson akasimama, nadhani ili tusiseme msimamizi ni mwoga. Halkano alipouliza nani atamshusha, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Danson alinitazama, na nikaona ametamani kukaa tena, lakini alishasimama.

Nilipanda, nikafika kwenye jukwaa lililo juu yake, nikafunga kamba zangu mbili kama nilivyofundishwa. Halkano akabonyeza saa. Nami nikasimama.

Sikugusa chochote. Nilimwangalia tu kutoka juu, utosi wake na mabega yake. Alingoja kidogo, kisha akainua uso akauliza kama kuna kifaa kimekwama. Nikamwambia hapana. Hapo alielewa, maana alianza kuzungusha miguu akitafuta pa kukanyaga. Mwishowe akasema, taratibu, chini wasisikie, "Christabel, miguu inakufa ganzi."

Nikamuuliza, "Komora alipokwambia hivyo, wewe ulimjibu nini?"

Sitakudanganya wewe ambaye ulinibatiza kwa mikono yako kabla ya pasta: nilifurahi. Nilimtazama jasho likimtiririka nikafurahi kama sijafurahi tangu Januari. Mtenda akitendwa hudhani kaonewa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonewa. Kisha nikafungua mfuko wa vifaa niliopanda nao, mwekundu kama ule wa Kipini, nikateremka hadi alipo, nikamfunga kwenye kamba yangu, nikamnyanyua kidogo, nikaukata mkanda uliomning'iniza, nikamshusha mpaka mchangani. Wenzetu wakamkalisha.

Halkano hakuna asichoona. Kwenye fomu aliandika: muda wote dakika saba, mwokoaji alisimama bila sababu dakika tatu, alifanya kazi dakika nne. Chini yake aliyeokolewa huandika kwa mkono wake kama anakubali, na Danson, ambaye alitaka niangushwe kwa zile tatu, aliandika upesi kwamba yote ni kweli, akatia sahihi. Hakuzitazama zile nne.

Nilianguka mtihani. Jioni Halkano aliniita pembeni akaniuliza kwa nini nilisimama, nikamweleza kila kitu. Akasema, "Kama iko damu kati yenu, maliza hapa chini. Juu ya kamba, hapana." Lakini kwa kuwa mikono yangu ilikuwa mizuri kuliko ya wote, alinipa njia: asubuhi nirudie zoezi, ile fomu ichanwe, nipate cheti changu na kazi.

Shangazi, kazi ile niliitaka. Nilianza kwa ajili ya Danson, lakini kufikia siku ya nne nilishaipenda, kule juu penye upepo. Nikakataa. Nilimwambia fomu isichanwe, na nakala nipewe. Alinipa, akanipa na mkono. Nafasi yangu ameichukua mwingine, na kwa mafunzo yajayo sijui kama nitaitwa.

Kikao kilifunguliwa tena mwezi uliopita, pale pale Garsen. Niliwapa ile nakala, na Jilo akaeleza habari ya vyeti sita. Mwenyekiti wa kikao akampa Danson fomu, akamwambia asome kwa sauti mwandiko wake. Alisoma. Akaulizwa kama sahihi ni yake, akasema ni yake. Akaulizwa inakuwaje mwanafunzi wa siku nne ashushe mtu mzima kwa dakika nne za kazi, na yeye mwenye cheti cha uokoaji aseme saa moja haitoshi. Alibaki akipapasa ile karatasi. Ripoti ya kwanza ikafutwa. Sasa imeandikwa kwamba Komora Reuben hakuwahi kufunzwa, hakufanya uzembe, na angeweza kuokolewa. Danson amefukuzwa na faili lake liko polisi. Kanisani benchi lake hukaliwa na yeye na mkewe tu. Simhurumii, wala usiniombe.

Lakini kuna jambo sikulipigia hesabu, na ndilo limenifanya nikuandikie. Mama alikuwa ameketi nyuma yangu siku ile. Miezi yote hii, kitu pekee kilichokuwa kikimlaza usingizi ni yale maneno ya Danson, kwamba hakuna ambaye angeweza. Tulirudi, tukashuka hapa kijijini. Ndipo akaniuliza dakika nne ni kiasi gani. Bila kufikiri nikamwambia ni kama kwenda mpaka kwa kina Pekeshe, hapo jirani, na kurudi.

Kesho yake asubuhi nilimwona akienda mpaka kwa kina Pekeshe na kurudi. Hakumsalimu mtu. Alifika mlangoni, akasimama, akaenda tena. Huenda kila siku sasa, Shangazi, wakati mwingine mara tano, na hajanilaumu hata kidogo.

Nisalimie Mjomba Nicholas, binamu yangu Tuneya na mtoto wake, na mama yule jirani yako aliyenifundisha kupika mrenda. Huku wanakusalimu Jilo, kina Pekeshe wote, na Mama, ingawa hajui kwamba nimekuandikia.

Usingoje Desemba. Panda basi wiki hii, na hayo maombi ya kupatana yaache huko huko. Njoo utembee na Mama. Mimi siwezi kutembea naye, kwa sababu mimi ndiye niliyempimia ile njia.

Mungu akulinde barabarani na akufikishe kwetu ukiwa na nguvu zako zote.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Christabel