Pijo ya Baba na Waya wa Kirikuu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Klachi imekufa. Na imechagua pa kufia — mbele ya msikiti, wanaume wakitoka sala ya adhuhuri! Nakanyaga pedeli, inakwenda mpaka chini na kulala huko huko. Hairudi. Pijo ikaruka mara mbili, ikazima. Wakanisukuma hadi pembeni. Mmoja, mtu mzima na kanzu yake, akawauliza wenzake huyu bibi nani kamwachia gari. Nilimfundisha huyo darasa la nne. Nikamwita kwa jina lake la shuleni nikamuuliza kama siku hizi anajua kugawanya. Akasukuma kwa bidii zaidi.

Fundi Bwanausi kaja na bodaboda, spana mfukoni. Huyu naye mwanafunzi wangu. Kaingia chini ya gari, katoka na mafuta ya breki puani. Anasema bomba la klachi la juu limelika ndani, la chini limeoza, na raba za gari la mwaka 1972 tutazikuta akhera. Astaghfirullah, nimecheka.

Tumeivuta kwa kamba hadi nyumbani. Mtaa mzima umeona.

Jumanne, 5 Agosti

Kaka Husseni kaja asubuhi na fimbo yake. Anasema fimbo ni ya heshima tu. Shikamoo kaka, marahaba Rukaya, chai, vitumbua vitatu — ndipo akafika kwenye jambo lake. Kuna mtu wa hoteli anaitaka Pijo. Si kuiendesha! Kuiweka bustanini wageni wapige picha. Buti wataling'oa kifuniko, wapande maua.

Maua. Ndani ya buti nililombebea Mama magunia ya mpunga.

Tatizo ni kadi ya gari. Baba alipofariki mwaka 1998 kadi ilikwenda kwa mtoto wa kiume, ufunguo ukabaki kwangu, na hakuna aliyesema kitu kwa sababu kwenye matanga mambo hayo hayasemwi. Baada ya matanga ikawa aibu kuuliza. Basi miaka ishirini na saba yeye ana kadi, mimi nina gari, na sote tunaona haya.

Nikamwambia Pijo inatembea. Akaitazama pale mlangoni, kamba bado iko kwenye bampa. Nikasema basi, itatembea. Tukaelewana hivi: Jumamosi ya tarehe 16 nimpeleke Kerege na kumrudisha hapa Bagamoyo, usukani mikononi mwangu. Nikiweza, hoteli haitajwi tena. Nikishindwa, maua.

Anadhani shida yangu ni macho. Kaniuliza mara mbili kama naona vizuri jioni. Naona vizuri. Nimemuona akiinuka barazani kwa awamu tatu, fimbo ya heshima ikilia.

Yeye mwenyewe aliacha kuendesha miaka sita iliyopita. Eti madereva wa siku hizi hawana adabu.

Jumatano, 6 Agosti

Bwanausi kaja na wazo. Tuachane na mabomba. Aweke waya! Pedeli ivute waya, waya uvute klachi — hakuna mafuta, hakuna raba, hakuna cha kuvuja. Atatumia waya wa Kirikuu, kile kigari kinachobeba matofali siku za kazi na wanakwaya Jumapili. Nikamuuliza unadhani marehemu Baba angekubali? Akanijibu taratibu, Mwalimu, marehemu aliifunga hii bampa kwa kamba ya katani mwaka mzima. Kweli. Nimekubali.

Jioni nikamweleza Skolastika, jirani yangu, nesi mstaafu. Hakufurahi. Anasema gari la zamani la misheni kwao lilikuwa na klachi ya waya, na padri alikuwa akibadili gia anatoa jasho hata mwezi wa saba. Akalitazama goti langu la kushoto. Yeye peke yake ndiye anayelijua. Limesagika, ndivyo walivyoniambia hospitali, na daktari akanishauri nipunguze ngazi. Nyumba yangu haina ngazi. Kuhusu pedeli hakusema, na mimi sikumuuliza.

Nikamwambia Skola anyamaze, anywe uji wake.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu maonyeshoni, mimi uani na Bwanausi. Kafunga waya, kakaa ndani, kakanyaga. Kanituma nitazame chini ya boneti kinachotokea. Kinachotokea ni kwamba ukuta wa bati kati ya injini na miguu unainama! Klachi haina habari. Bati linavimba na kurudi, linavimba na kurudi. Tumesimama tukilitazama.

Anasema panahitaji chuma cha kushikilia. Kakata kipande kwenye dirisha la zamani, lile nililokuwa nikilitunza kwa ajili ya banda la kuku. Kuku watasubiri.

Jumapili, 10 Agosti

Chuma kimechomelewa. Bati halitingishiki. Waya umevuta sawasawa, tena kwa nguvu — upande usio wake. Klachi badala ya kuachia inazidi kushika.

Kumbe bomba lilikuwa likisukuma, na waya unavuta! Siku tano tumefanya kazi na hakuna aliyelifikiria hilo. Bwanausi akakaa juu ya tairi. Mimi nilimfundisha sayansi mtu huyu. Nikakaa juu ya tairi jingine.

Jumatatu, 11 Agosti

Kapata dawa. Mkono wa chuma wenye mhimili katikati, umbo la bembea ya watoto: waya unavuta kichwa, mkia unasukuma klachi. Kauchora mchangani kwa kijiti. Nimeusahihisha mchoro wake mahali pamoja, bila sababu, ni mazoea tu. Akasema ahsante Mwalimu.

Jumatano, 13 Agosti

INAFANYA KAZI! Niliingiza gia ya kwanza, ikaingia bila kelele. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, uani kwangu, mara nne, kuku wakikimbia. Nimepiga vigelegele peke yangu. Skola akajibu ng'ambo ya ua.

Sasa niandike na upumbavu wangu, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu.

Ule mkono Bwanausi kautoboa matundu mawili. Kanieleza vizuri. Waya ukifungwa tundu la karibu na mhimili, pedeli ni fupi, inashika safi, lakini nzito. Ukifungwa tundu la mbali, pedeli inashuka mpaka karibu na sakafu, lakini ni nyepesi. Kaanza na la karibu. Kubadili ni kazi ya dakika kumi na spana namba kumi na tatu.

Nikakanyaga. Yaa Rabbi! Goti likapiga kelele mpaka kwenye nyonga. Na pale pale, kwenye geti, Kaka Husseni kasimama na fimbo yake ananitazama usoni.

Bwanausi akauliza, Mwalimu, vipi, nzito? Nihamishe?

Nikasema, "Laini kabisa. Acha hapo hapo."

Akanitazama. Nadhani alijua. Mikono yake yote miwili ilikuwa tayari kwenye nati. Lakini atamwambiaje mwalimu wake kwamba anasema uongo, mbele ya kaka yake? Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wale wasibishane na mkubwa. Kafuta mikono, kasema sawa Mwalimu, kakaza nati.

Kaka kaja kuchungulia. Kasema waya, eti! Lakini mradi laini.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimempigia Bwanausi asubuhi nikiwa nimeshaandaa maneno. Yuko Chalinze, lori limekwama na injini iko chini. Harudi mpaka Jumapili. Kaniuliza kulikoni. Nikasema nilitaka kukujulia hali tu. Akasema nzuri, Mwalimu, shikamoo. Kisha akasema spana namba kumi na tatu kaiacha kwenye dashibodi, kwa bahati mbaya.

Kwa bahati mbaya! Kijana huyu nilimpa alama thelathini na nane. Nilikosea.

Lakini nani ataingia chini ya gari? Mimi naswali kwenye kiti.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefanya mazoezi uani, gari limezimwa. Kukanyaga kwa kisigino — hapana. Kukanyaga kwa miguu miwili — inawezekana, ila breki itakanyagwa na nani? Mwishowe nimegundua kitu: mkono wa kushoto unauweka juu ya goti na kulisukuma, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa. Pedeli inashuka. Shida ni kwamba gia za Pijo ziko kwenye usukani, na mkono ni ule ule wa kushoto. Basi: sukuma goti, likishika livumilie, ruka na mkono kwenye gia, rudi gotini. Nimefanya mara thelathini. Sasa goti liko juu ya mto, ukubwa wa dafu.

Skola kaniletea barafu na maneno. Anasema mpe mwenye hoteli, wewe utapakiwa na watu, kwani kuna ubaya gani.

Kuna ubaya. Baba alinifundisha gari hili njia ya Kaole, mwaka 1983, watu wakija kutazama. Nimempeleka Mama hospitali nalo, na Baba nalo, na yeye sikumrudisha akiwa hai. Mahali popote nilipotaka kwenda tangu hapo, nimekwenda. Sikuomba. Nikianza kupakiwa, nitaanza kusubiri: mtu amalize chai yake, mtu akumbuke, mtu awe na nafasi. Nimeshawaona wanawake wa rika langu wamevaa tangu asubuhi, wamekaa sebuleni na mikoba mapajani. Naogopa. Ndiyo, nimeandika. Naogopa hilo kuliko kufa.

Haya, nimelia kidogo, nimepenga kamasi, nimekula ndizi. Kesho.

Jumamosi, 16 Agosti. Kerege, barabarani

Naandika ndani ya gari, injini inaunguruma. Tumefika! Kerege! Mikanyago kumi na tisa, nimeihesabu.

Tulitoka saa tatu. Kaka kavaa koti. Alikaa kama mkaguzi wa shule, fimbo katikati ya magoti. Kila nilipotaka kubadili gia nilimwonyesha kitu nje upande wake — tazama nyumba ya fulani wameezeka, tazama mbuzi — akigeuka, nasukuma goti. Baada ya Kiromo mbuzi wakaisha. Matuta ya Zinga nikayapita na gia ya tatu, sikukanyaga kitu. Kofia yake ikagonga dari. Akasema springi bado imara. Nikasema sana.

Nilipofika Kerege mguu ulikuwa hausikii tena. Nikaweka gia huru, nikavuta breki ya mkono, sikuzima, maana kama ningezima sijui kama ingewaka tena. Kaka kashuka kununua machungwa. Hapo nikajua: kwenda nimeweza. Kurudi siwezi. Nimejaribu kukanyaga mara moja, pedeli imeshuka robo na kunirudisha. Kwa hiyo maua. Nikachukua daftari mkobani ili nisilie mbele ya wauza machungwa.

Bado naandika, lakini mambo yamegeuka.

Kaka kaja na mfuko, hakwenda upande wake. Kaja dirishani kwangu. Kasema, Rukaya, umeendesha vizuri, Baba angefurahi. Hoteli nitawaambia hapana. Kisha akakohoa akasema: sogea kidogo, nirudishe mimi. Nimekumbuka kuendesha tu.

Sijui kama ameona goti au kweli amekumbuka. Sikuuliza! Nilisogea kwenye kiti cha pembeni haraka kuliko nilivyosogea mwaka huu wote. Alhamdulillah. Kaingia kwa awamu tatu. Fimbo kaitupa kiti cha nyuma. Kaweka mikono kwenye usukani, kacheka peke yake, nikamwona kijana wa zamani kabisa.

Kakanyaga klachi.

Kasema, "Laini kweli."

Gari halijaenda.

Kaweka sawa kioo. Kaniuliza kama nimekaa vizuri. Nimekaa vizuri. Kakanyaga tena, nikasikia pumzi yake imekatika. Kaweka sawa kioo. Kasema hawa watu wa machungwa wameegesha vibaya, tusubiri kidogo wapite. Hakuna aliyeegesha. Kaniuliza naandika nini. Nikamwambia orodha ya vitu vya sokoni.

Dakika kumi. Muuza machungwa kaja kuuliza kama tumesahau chenji.

Spana namba kumi na tatu niliitia mkobani, sasa naishika hapa chini ya daftari. Mwenye pikipiki yule pale anaweza kuingia chini ya gari, auhamishe waya tundu la mbali. Neno moja tu kutoka kwa mmoja wetu, na kabla ya adhuhuri tuko Bagamoyo.

Sasa kaweka mkono wa kushoto juu ya goti lake. Taratibu, akidhani natazama daftari. Analisukuma.

Ni vile vile ninavyofanya mimi! Vile vile!

Aanze kusema yeye, ndiye mkubwa. Ameacha. Jasho limemtoka. Anagusa kioo tena —